Tamthilia ya Juliasi Kaizari na Filamu Yake: Yuko Wapi Mshairi Cinna?

Limeenea siku hizi neno ambalo hatuna budi kulijibu kabla halijageuka kuwa desturi katika shule zetu. Neno lenyewe ni hili: kwamba mwanafunzi aliyetazama filamu iliyotokana na tamthilia amekwisha kuisoma tamthilia hiyo, kwamba kisa ni kile kile, wahusika ni wale wale, na tofauti iliyopo ni ya chombo tu, kama maji yaliyotoka mtungini yakatiwa katika bilauri. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni walimu wenye darasa lililofurika na nakala chache za kitabu, na mfa maji haachi kutapatapa. Hata hivyo kosa ni kosa, hata likitendwa na mtu mwenye shida. Tumekusudia kulionyesha kosa hili kwa mfano mmoja unaotuhusu sana sisi Watanzania. Upande mmoja tutaiweka tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 1963, kisha akaipitia upya ikatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Upande wa pili tutaiweka filamu iliyotengenezwa Marekani mwaka 1953 na kampuni ya MGM, chini ya mwongozaji Joseph L. Mankiewicz.

Filamu hii tumeichagua kwa makusudi, kwa sababu ni njema. Kuichagua filamu mbovu na kuipiga mawe ni kazi rahisi isiyomfundisha mtu chochote. Hii ni kazi ya mafundi. Haina rangi ila nyeusi na nyeupe, wala haina makeke. Anayetaka kusikia jinsi kijicho kinavyoweza kusemwa kwa adabu na amsikilize John Gielgud katika nafasi ya Cassius. James Mason amemcheza Brutus kama mtu aliyekosa usingizi tangu mwaka jana. Naye Marlon Brando, ambaye watu wengi walidhani angeshindwa na lugha ya Shakespeare, amemcheza Mark Antony kwa namna ambayo haitasahaulika upesi. Wala hatusemi kama watu wa kukataza sinema. Zamani mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka sinema alikwenda katikati ya mji, kwenye Empress, Avalon, Odeon au Empire. Majumba hayo yamekwisha kuacha kazi hiyo, na leo kijana hushuka Posta, akatembea hadi Kariakoo, akanakiliwa filamu kumi kwenye kadi ya simu kabla jua halijachwa. Kulizuia jambo hilo haiwezekani, na lau ingewezekana tusingelitaka lizuiwe. Tunalolikataa ni filamu kukaa katika kiti cha tamthilia.

Yafaa kwanza tujiulize mhusika mkuu wa tamthilia hii ni nani. Si Caesar, kwa maana huuawa katika sehemu ya tatu, na sehemu mbili zilizobaki huendelea pasipo yeye, ila mzimu wake tu. Wengi hujibu kuwa ni Brutus, na hatuwalaumu, maana ndivyo tulivyofundishwa sote. Lakini yuko mhusika mwingine mkubwa kuliko hao, naye hana jina: umma wa Roma. Ndio unaoufungua mchezo, pale seremala na fundi viatu walipoacha kazi zao wakatoka barabarani kumshangilia Caesar, wakakaripiwa na wakubwa kwa kuwa si zamani walikuwa wakimshangilia Pompey. Ndio unaosikika ukipiga kelele kwa mbali wakati Cassius anamtilia Brutus maneno sikioni. Na katika sehemu ya tatu ndio unaoamua nani atawale na nani akimbie.

Sasa umma huo katika jukwaa uko wapi? Mwaka 1599 msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Julius Caesar mjini London, katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, akaandika kwamba wachezaji walipata kumi na watano hivi. Watu kumi na watano hawawezi kuwa umma wa Roma. Umma wa Roma ulikuwa umekwisha kulipa kiingilio na kusimama chini ya jukwaa, watu wa kila kazi, katika mwanga ule ule wa mchana uliomwangaza mchezaji. Brutus alipopanda kueleza kwa nini ameua, aliwaeleza wao. Antony alipoomba asikilizwe, aliwaomba wao. Wachezaji wanne watano waliochanganyika na watu wakiitikia na kupayuka walikuwa hamira tu. Unga ulikuwa umekwisha kukandwa.

Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kusafiri hadi London ili tulielewe jambo hili. Toka kwenye sanamu ya Askari pale Posta, fuata Barabara ya Samora hadi Mnara wa Saa, ingia Barabara ya Uhuru, nawe utafika kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya mji wa maofisi na mji wa soko. Karibu na hapo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na katika viwanja hivyo watu walisimama juani kumsikiliza Nyerere na wenzake. Pale hapakuwa na mtazamaji. Kila aliyesimama alikuwa sehemu ya jambo lililokuwa likitendeka, na kelele yake au kimya chake vilihesabiwa. Mtu aliyeujua umati kwa namna hiyo, aliyesimama mbele yake miaka mingi akapima pumzi zake, ndiye aliyeuchukua mchezo wa hotuba mbili mbele ya umati akauweka katika lugha ya umati wake mwenyewe. Tafsiri ilitoka mwaka 1963. Mnamo Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, na katika ghasia zilizofuata maduka yaliporwa mjini na watu wakafa. Roma haikuwa mbali na Kariakoo hata kidogo.

Tuirudie filamu. Nayo ina umati, tena mkubwa kuliko uwezo wa jukwaa lolote. Lakini umati ule umelipwa mshahara na kuvikwa nguo za Kirumi, nasi si sehemu yake. Sisi tumekaa mahali pengine, gizani au kitandani, tukiutazama jinsi unavyodanganywa. Na katika hotuba ya Antony mwongozaji ametenda jambo ambalo wanaoisifu filamu hulitaja kuwa ni ufundi wake mkubwa, nasi tunalitaja kuwa ndilo kosa lake kubwa. Antony hufika mahali akasema moyo wake umo jenezani pamoja na Caesar na kwamba lazima anyamaze kidogo. Brando hapo anawapa watu kisogo. Umati unaona mgongo wa mtu anayelia. Sisi kamera inatuzungusha upande wa pili na kutuonyesha uso wake, na uso ule haulii. Unasikiliza na kupiga hesabu.

Kwa mchezaji ni pazuri mno. Lakini hebu tulipime tendo hilo. Tangu nukta ile sisi tunajua na Warumi hawajui. Tumefanywa werevu bure, pasipo kazi yoyote. Twawacheka wale wajinga wa nguo nyeupe wanaoyumba kama mnazi katika kusi, na mwisho wa filamu tunakwenda kulala tukijiamini kwamba sisi tusingedanganyika. Katika jukwaa hakuna kamera ya kutuvusha upande wa pili. Mchezaji akitupa kisogo, tunaona kisogo. Tunahuzunika pamoja na wenzetu, tunakasirika pamoja nao, na ikiwa mchezaji ni hodari tutakuwa tumekwisha kumsamehe Caesar kila kitu. Ni baada ya watu kuondoka mbio na mienge ndipo Antony, akiwa peke yake, anatuambia kwamba fitina sasa imo njiani na iende itakako. Hapo ndipo mtu hujishika kidevu. Alitaka kuimba pamoja nao! Aibu ile ndiyo elimu yenyewe, na filamu imemwondolea mwanafunzi aibu ile kwa kumwonyesha siri mapema.

Lakini hilo bado ni dogo mbele ya jambo la pili.

Baada ya hotuba hiyo, Shakespeare ameweka onyesho fupi sana, fupi kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hulipita. Mtu mmoja aitwaye Cinna anatembea barabarani. Ameota kwamba alikuwa karamuni na Caesar, na moyo wake una wasiwasi. Anakutana na kundi la raia. Wanamuuliza maswali manne: jina lake nani, anakwenda wapi, anakaa wapi, ana mke au hana, na wanamwamuru ajibu yote kwa ufupi, kwa hekima na kwa kweli. Mtu huyo anajaribu kuwajibu hata kwa mzaha kidogo, kama afanyavyo mtu anayetafuta njia ya kupita. Anapotaja jina lake wanapiga kelele kwamba huyu ni mmoja wa wauaji, kwa sababu kati ya wale waliomchoma visu Caesar alikuwamo Cinna mwingine. Anawaambia yeye siye, yeye ni Cinna mtunga mashairi. Basi, wanasema, na araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake. Anasisitiza kwamba hakuwa katika njama. Wanamjibu kuwa haidhuru, jina lake linatosha. Nao wanamrarua.

Onyesho hilo katika filamu ya 1953 halimo.

Tutaambiwa tunalilia ndugu yetu, na ni kweli kwamba sisi tunaotunga mashairi hatuwezi kulisoma onyesho lile bila kujipapasa shingo. Tena wapo kati yetu ambao, kwa vina vyao, shtaka la pili lingewabana vizuri. Lakini si hilo linalotukera. Tutaambiwa pia kwamba filamu ina mipaka ya muda. Hoja hiyo haisimami. Onyesho lenyewe halizidi dakika tatu au nne, na filamu ina dakika zipatazo mia moja na ishirini. Humo imepatikana nafasi ya Antony kukaa kimya baada ya kuandika orodha ya watakaouawa, akaigeuza sanamu ya Caesar na kujinyoosha katika kiti chake. Ipo nafasi pia ya kuonyesha jeshi likivizia jingine kati ya majabali, mtindo ambao mtazamaji wa sinema za wapanda farasi wa Marekani anaufahamu vizuri. Muda ulikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi ya umma.

Maana tazama filamu inavyokwenda baada ya kukatwa mahali hapo. Hotuba inakwisha, watu wanakimbia na moto, na mara tunaingia chumbani kwa mabwana wanaogawana nchi na kuandika majina ya watu wa kufa. Umma umetoka na mabwana wamebaki. Mauaji yote tangu hapo yanatoka katika kalamu na upanga wa wakubwa. Mtazamaji hutoka akiamini kwamba historia ni ugomvi wa watu wanne watano wenye majina, na kwamba sisi wengine ni kelele za nyuma. Tamthilia haisemi hivyo. Tamthilia inasema kwamba damu ya kwanza iliyomwagika baada ya hotuba ilimwagwa na seremala na fundi viatu, watu wema waliokuwa wamefunga kazi ili washerehekee, na kwamba aliyekufa hakuwa na kosa, na wao walijua kuwa hakuwa na kosa kabla hawajamaliza.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba Shakespeare aliwadharau watu wa chini, akawachora kama kundi lisilo na akili, na kwamba filamu imewahifadhi kwa kuliacha onyesho hilo. Hoja hii tunaiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wenye kuupenda umma. Lakini kumficha mtu kosa lake kwa kisingizio cha kumheshimu ni kumfanya mtoto. Umma unaoweza kuleta uhuru unaweza pia kuua. Anayetaka ushahidi asiende mbali. Na asimame asubuhi yoyote katika mitaa ya Kariakoo, penye msongamano wa wachukuzi, wamachinga, mikokoteni na wanunuzi kutoka mikoani, kisha asikie sauti moja tu ikiita “Mwizi!” Hakuna aulizaye ameiba nini, wala kwa nani. Pale ambapo dakika moja nyuma palikuwa na watu mia wenye shughuli mia, sasa pana mwili mmoja wenye mikono mia mbili. Wengine hupiga bila kujua anayepigwa ni nani. Akipaza sauti kwamba yeye siye, jibu analopewa ni lile lile la Roma. Magazeti yetu yamekwisha kuandika habari za namna hiyo mara nyingi mno, na katika kundi lile huwamo vijana wa umri wa kidato cha tatu.

Basi tuwaulize wale wasemao filamu ni tamthilia ile ile: ikiwa mna nafasi ya kumwonyesha kijana wa Dar es Salaam onyesho moja tu katika mchezo mzima, mngechagua lipi? La Brutus na mkewe? La mzimu hemani? Sisi tungechagua lile ambalo filamu imelitupa.

Hatutaki ionekane kwamba tunaiandama filamu moja. Mwalimu Nyerere alifasiri pia The Merchant of Venice, ikatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina hilo peke yake ni hoja: mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amekuwa mabepari wengi, na msomaji anaonywa kwamba asimtafute mwenye tamaa upande mmoja tu wa mahakama. Mwaka 2004 Michael Radford aliitolea filamu, Al Pacino akiwa Shylock. Filamu inaanza kwa maandishi yanayoeleza mateso ya Wayahudi wa Venice, kisha inatuonyesha Antonio akimtemea Shylock mate. Katika tamthilia mate yale hatuyaoni. Tunayasikia kwa kinywa cha Shylock mwenyewe anapoombwa mkopo, nasi tunapaswa kuyapima maneno yake na kumtazama Antonio anayajibuje. Mwongozaji anayo sababu, na ni sababu nzito: baada ya yale aliyoyafanya Hitler, hakuna mtu mwadilifu awezaye kuucheza mchezo huo kwa uzembe. Lakini tabia ya chombo ni ile ile. Kamera imetoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Na ajabu ni kwamba watu wetu wenyewe hawakuridhika kamwe na ukimya ambao sinema inaudai. Katika vibanda vya video vya jiji hili walitokea wasimulizi, Lufufu akiwa mashuhuri kuliko wote, waliochukua filamu za kigeni wakazisemea kwa Kiswahili juu ya sauti yake, wakachekesha, wakaonya, wakampa kila mhusika jina la mtaani. Wasomi waliwacheka. Sisi tunaona walikuwa wakiirudisha filamu jukwaani, kwa kuwa mtazamaji wa Buguruni au Manzese alitaka asemeshwe, naye apate kujibu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu jambo ambalo halihitaji bajeti wala umeme. Wanafunzi wenu wamezoea tamthilia. Wamesoma Orodha, wamesoma Kilio Chetu, na shuleni huigiza kila panapokuwa na mgeni. Wasomeeni kwa sauti hotuba mbili za sehemu ya tatu katika Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, siyo kwa kumweka msomaji mbele na wengine wakinukuu, bali darasa zima lisimame liwe Roma, liitikie, likatize, lipige kelele. Filamu na ionyeshwe wiki inayofuata, ikiwa ipo, ili waone jinsi Brando alivyofanya kazi ambayo wao wamekwisha kuijaribu. Hapo itawafaa sana, maana watakuwa na kitu cha kuilinganisha nayo.

Kisha lichezeni onyesho la Cinna. Wanatosha watano: mmoja mshairi, wanne raia. Mshairi asiwe yule mdogo anayeonewa na wenzake kila siku, awe kijana anayependwa. Maswali manne yaulizwe upesi, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na Cinna azungukwe kabla hajamaliza jibu la pili. Mwalimu asimamishe mchezo pale mkono wa kwanza unapomgusa, kila mtu abaki alipo. Awaulize wale wanne, mmoja mmoja, ni nani kati yao aliyeamua. Kisha awageukie waliokaa madawatini awaulize wao walikuwa wakifanya nini muda wote huo.